Kazi yako ni safi, lakini wewe sikuoni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 34, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Mume wangu ni fundi tailizi. Tangu Serikali ihamie huku kazi hazimwishii. Leo yuko Iyumbu, kesho Ilazo, keshokutwa Ihumwa, na kila nyumba inapokamilika hubaki ndoo mbili tatu za vipande: pembe zilizokatwa, tailizi zilizovunjikia njiani, rangi ambayo mwenye nyumba aliikataa dakika ya mwisho. Vyote vilikuwa vinaishia korongoni. Mwaka 2019 nikamwomba awe ananiletea.

Nilianza na ukuta wa jiko la nje. Sikuwa na nia ya sanaa, nilitaka ukuta unaofutika masizi. Nikawa nabandika kipande kimoja kimoja huku maharage yanachemka, na siku ya tatu nikaona vipande vyekundu vimekaa kama mkia wa jogoo. Nikamfuata huyo jogoo mpaka akatimia. Shingo yake ni ndefu mno na mguu mmoja umepinda, lakini watoto walimpenda na majirani walikuja kumtazama. Baada ya hapo sikuweza kuacha.

Hakuna aliyenifundisha. Mume wangu alinionyesha kushika grinda na kukoroga gundi ya tailizi, mengine nikayapata kwenye video za simu, na mengine kwa kuharibu. Sasa naunda picha, fremu za vioo na sinia. Zinazouzika zaidi ni twiga, simba na Mlima Kilimanjaro jua likizama. Natafuta picha nzuri kwenye simu, nakwenda kuikuza stationari, naihamishia kwenye ubao kwa karatasi ya kaboni, halafu najaza. Picha kubwa nauza shilingi 120,000. Ada ya watoto inatoka humo.

Mwaka jana niliweka kazi zangu pale Nyerere Square. Akaja mzee mmoja, akasimama muda mrefu, akainama, akatazama kila moja. Mwisho akaniambia kwa upole: "Mwanangu, kazi yako ni safi sana. Lakini wewe sikuoni." Akaondoka. Shangazi, neno lile limenikaa kifuani. Nilirudi nyumbani nikapanga picha zote ukutani, na kweli, twiga wa mwaka jana na twiga wa wiki iliyopita ni pacha. Nimekuwa nazunguka palepale.

Nikajaribu kutengeneza cha kwangu. Nyuma ya nyumba kuna mbuyu mkubwa, nimeutazama kila asubuhi kwa miaka tisa. Nimeujaribu mara tatu, na mara tatu nimeubandua. Rangi ni zenyewe, umbo ni lenyewe, lakini ukiutazama unaona sakafu ya bafu yenye picha ya mti.

Tena nilipata aibu nyingine. Mteja aliweka picha yangu kwenye nguzo ya geti, na mvua za Januari zilipokuja ubao ukavimba, vipande vikaanza kudondoka. Nilimrudishia hela yake yote.

Mume wangu si mtu mbaya. Ananiambia, "Watu wanataka twiga, wape twiga." Lakini akaniona ninavyokosa usingizi, akasema kama nataka chuo atatoa nusu ya ada. Ndiyo maana nakuandikia. Je, niende chuo na umri huu? Na yule jogoo wa jikoni, nimvunje? Wateja wakija lazima wampite, na mimi huwa naona haya.

Mama Vipande, Nzuguni

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Nilifundisha sanaa kwenye vyuo vya ualimu hadi nilipostaafu, na nimeona wanafunzi wengi waliokuwa na walimu watatu darasani na bado hawakuwahi kufika pale ulipofika wewe, yaani kubandua kazi yako mwenyewe mara tatu kwa sababu unaona haijasema kweli. Jicho hilo hukuuziwa na mtu. Tulitunze.

Yule mzee alikuheshimu. Kosa lake ni moja tu, alikuacha njiani. Alipaswa akuonyeshe mahali pa kutazama, na nadhani napajua, maana wewe mwenyewe umepataja: sakafu ya bafu.

Mkono wako umefundishwa na fundi, na fundi mzuri. Kwa fundi, mstari wa grauti, ule mchanganyiko wa kujazia nafasi kati ya tailizi, unatakiwa unyooke, ulingane, na mtu asiuone kabisa. Anaupima kwa pima maji na vile vimsalaba vya plastiki. Ukiuona mstari, kazi imeharibika. Sasa katika sanaa hii yako, ambayo wenyewe huiita mozeiki, ni kinyume chake. Mistari ile kati ya kipande na kipande ndiyo mchoro. Rangi inasema hiki ni kitu gani. Mistari inasema kinakwenda wapi, kina uzito gani, kinapumua au kimelala. Wewe umekuwa ukichora kwa karatasi ya kaboni, halafu unajaza ndani kama anayejaza sakafu, safu kwa safu. Ndiyo maana umbo ni lenyewe na mti haupo.

Nenda kautazame mbuyu wako jioni, jua likiwa limelala. Gome la mbuyu halina safu za kulala. Linapanda kutoka kwenye mizizi kama nguo iliyokunjwa, linavimba tumboni, linajikunja kuzunguka makovu, mahali watu walipopigilia vigingi vya kupandia au walipochuna kamba. Vipande vyako vifuate huko. Vikate virefu na vyembamba, visimame pamoja na shina. Vikifika kwenye kovu vilizunguke, kama maji ya mtoni yanavyozunguka jiwe. Anga ndiyo uilaze. Na kabla hujaanza anga, zungusha mti wote kwa safu moja tu ya vipande vya rangi ya anga, vikifuata ukingo wa shina na matawi. Safu hiyo moja hutenganisha mti na kilicho nyuma yake bila kuhitaji mstari mweusi. Waroma walifanya hivyo miaka elfu mbili iliyopita, na bado hakuna aliyepata njia iliyo bora kuliko hiyo.

Hapo nirudi kwa jogoo, maana barua yako yote naiona imesimama juu yake. Usimguse!

Umesema vipande vyekundu vilikaa kama mkia, nawe ukamfuata. Hukuwa na picha ya simu wala kaboni, na hukumwazia mteja. Vipande ndivyo vilivyokuongoza. Nenda kamtazame ile shingo ndefu, nami nina hakika utakuta vipande vimepanda nayo, havikulala. Kama yule mzee angeingia jikoni kwako badala ya kukukuta Nyerere Square, angekuona. Unataka kuvunja kazi pekee ambayo wewe umo ndani yake.

Kuna mtu aliyeitwa Raymond Isidore, mfagiaji wa makaburi katika mji wa Chartres, Ufaransa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alianza kuokota vipande vya sahani vilivyotupwa, akavibandika ndani ya nyumba yake. Akafunika kuta, viti, kitanda, jiko, mpaka cherehani ya mkewe. Ndani palipojaa akatoka nje, akaendelea na kuta za uani na bustani. Majirani walimcheka kwa miaka. Alifariki mwaka 1964, na leo nyumba ile ni kumbukumbu inayolindwa kisheria, watu wanasafiri kwenda kuiona. Anayeingia anaweza kutembea pamoja naye kutoka vyumba vya mwanzo hadi bustani ya mwisho, kwa sababu hakuvunja alikoanzia. Wewe andika mwaka 2019 pembeni ya mguu wa jogoo, kwa vipande vidogo. Kisha kila kazi utakayoimaliza ipige picha, iandikie tarehe kwenye daftari, na chini yake sentensi moja: hapa nilijifunza nini. Aliyejifunza mwenyewe hana ripoti ya mwisho wa muhula, kwa hiyo lazima ajiandikie.

Kuhusu twiga, mumeo hajakosea na wewe hujakosea. Ada ya watoto ni jambo la heshima. Edward Said Tingatinga, mwana wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya mazonaiti, yale mabao ya dari, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Naye alichora wanyama, naye aliuza kwa wapita njia. Hakuna aliyemfundisha, na alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye. Lakini chui wake humchanganyi na chui wa mtu mwingine, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Aliyeuza wanyama ni yeye, na bado anaonekana. Kwa hiyo tatizo si twiga. Tatizo ni kwamba twiga wako amechaguliwa na mpiga picha asiyekujua, aliyesimama mahali ambapo hukuwahi kusimama. Tena picha ile ina mwenyewe, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe. Achana nazo.

Una bahati ya kuishi mkoa wenye twiga wa kale. Panda basi la Kondoa, ile barabara ya lami inayokwenda Babati, ushuke Kolo. Anzia ofisi ya michoro ya miambani, upate wa kukuongoza, uvae viatu vya kupanda mlima. Utakuta kwenye miamba twiga, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wamechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo. Mwaka 2006 UNESCO iliiweka michoro hiyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mary Leakey, yule mtafiti wa Olduvai, alikuja mwaka 1951 akainakili kwa mkono, mchoro kwa mchoro. Fanya kama yeye. Simu ibaki mfukoni kwanza. Keti chini ya mwamba na penseli, umnakili twiga mmoja kwa macho yako, mara kumi. Mara ya kwanza utachora yule wa kalenda, maana mkono umeshamzoea. Kufikia ya saba au ya nane utaanza kuona yule mchoraji alichokiona: uzito wa shingo, namna mgongo unavyoteremka. Rudi na huyo. Twiga atakayetoka hapo atauzika vilevile, ila hatakuwa pacha wa mtu.

Sasa lile geti. Ulivyomrudishia mteja hela ulifanya vizuri na sitaki uone haya tena. Ila kosa ni la kufundishika, nami nataka ulijue hadi mzizi.

Ubao hauendi nje. Hata ule unaouzwa kwa jina la marini bodi ukipata maji pembeni unavimba, ukikauka unanywea, na tailizi haivimbi wala hainywei, kwa hiyo kinachoachia ni gundi. Kama ulitumia gundi nyeupe ya seremala, hiyo ndiyo kabisa, inalainika ikilowa. Kazi ya nje iweke juu ya simenti. Mimina bamba jembamba lenye wavu wa chuma ndani, au bandika vipande kwenye wavu wa nyuzi za kioo ukiwa nyumbani, kisha ukaupachike wote ukutani kwa gundi ya tailizi ile ya unga wa simenti. Simon Rodia, kibarua wa ujenzi mwenye asili ya Italia, alijenga minara yake peke yake kule Watts, Los Angeles, kuanzia mwaka 1921 hadi 1954, kwa chuma, wavu, simenti na vipande vya sahani na chupa. Wakuu wa mji walipotaka kuibomoa kwa kuhofia itaanguka, mwaka 1959 waliivuta kwa mzigo mzito kuijaribu, na haikuanguka. Ipo hadi leo.

Vilevile tenganisha ndoo zako. Tailizi za ukutani ni udongo laini unaonyonya maji, zinakatika kwa plaizi bila shida, na gundi inazishika haraka. Tailizi za porseleni ni ngumu, hazinyonyi karibu chochote, na simenti ya kawaida haizishiki. Zinataka gundi iliyoongezwa kemikali ya kunata, mumeo anaijua. Na hili ni la Dodoma hasa: hewa yetu ni kavu na upepo hauna huruma, hivyo grauti inapoteza maji kabla haijakomaa, inabaki unga. Ukimaliza kupaka, funika kwa gunia bichi siku mbili tatu, uwe unalinyunyizia. Halafu acha nyeupe. Grauti nyeupe inafifisha kila rangi iliyo jirani. Jaribu ya kijivu cha giza, utashangaa bluu ileile uliyoidharau inavyoamka.

Lakini kuna jambo limenishtua kuliko geti. Umesema unabandika huku maharage yanachemka, na unatumia grinda. Mwanangu, vumbi la tailizi lina silika ndani yake, yaani chembe ndogo mno za madini ya mchanga. Ukilivuta linakaa kwenye mapafu na kuyafanya makovu, na kovu hilo halina dawa ya kulirudisha. Halionekani mwaka wa kwanza wala wa tatu. Kuanzia leo kata kwa maji, mtu akimwagia au chombo kikiwa ndani ya maji. Grinda ya umeme usiipeleke kwenye maji, hiyo itumie nje tu, upepo ukiwa nyuma yako, na barakoa ya kazi inayobana usoni, siyo ya kitambaa. Miwani ya kazi kila mara, hata kwa plaizi. Futa kwa tambara bichi, usifagie pakavu. Na mwambie mumeo haya yanamhusu yeye mara mbili, maana ndiye anayekata kutwa nzima. Ile nusu ya ada aliyoiahidi, kabla ya chuo, itoe barakoa mbili.

Chuo chenyewe sikikatai. Bagamoyo ipo taasisi ya sanaa, TaSUBa, na umri wa miaka 34 si kizuizi. Ukienda, nenda kwa ajili ya kuchora na kwa ajili ya kukaa na watu wanaofanya sanaa, maana upweke ndio unaokuumiza zaidi ya kukosa cheti. Usiende kuomba ruhusa ya kuitwa msanii. Na usiende mwaka huu, kwa maana kuna kitu kimoja nataka ukimalize kwanza.

Ni mbuyu, mara ya nne. Ufanye mdogo, sentimita 40 kwa 40, ili usipoteze mwezi mzima. Usitumie rangi. Chukua tailizi nyeupe tupu, tena za aina moja, kwa shina, kwa matawi, kwa anga, kwa ardhi. Grauti iwe ya kijivu cha giza. Utakuwa huna kahawia wala bluu ya kujificha nyuma yake. Kitakachouchora mti ni mwendo wa vipande peke yake, mahali unapovibana na mahali unapoviachia. Kwenye shina virefu, kwenye makovu vidogo kama punje za mahindi, kwenye anga vipana. Vingine viinamishe kidogo vinapokaa kwenye gundi, visilingane kama sakafu. Kule Ravenna, Italia, mafundi wa karne ya 6 waliinamisha vipande vya dhahabu makusudi ili mwanga ukipita kila kimoja uwake kwa zamu yake. Wao walikuwa na mishumaa. Wewe una jua la Dodoma saa kumi na mbili kasoro, linaloingia jikoni kwako kwa ubavu.

Ukiumaliza, usiupeleke Nyerere Square na usimwonyeshe mteja. Uegemeze kwenye ukuta wa jiko, karibu na jogoo, uutazame wiki nzima wakati unapika. Kisha niandikie, unieleze kama shingo ya jogoo na shina la mbuyu vimekatwa na mkono mmoja.

Shangazi yako